Fomu Iliyomzika Baba Akiwa Hai

Mniwie radhi, nitasema nimekaa. Magoti haya yamesimama mbele ya ubao miaka mingi, na sasa yamestaafu kama mwenyewe. Katibu ameniambia nina robo saa. Mnaonijua mnajua robo saa yangu ina urefu gani, basi kaeni vizuri.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilipita hapo nje nikawakuta baadhi yenu mmeinamia fomu za watoto, zile za kuomba msaada wa serikali waende chuo. Baba mmoja, sitamtaja na yeye asinitazame hivyo, alikuwa anamwambia binti yake, "Usiandike kwamba nyumba yetu ni ya udongo. Watu watatuonaje?" Na mama mmoja, naye simtaji, alikuwa anamwelekeza mwanawe aandike kwamba baba hajulikani aliko, na huyo baba yuko hapo ukutani anafungua mnyororo wa baiskeli. Nilicheka. Nilipofika nyumbani nikashindwa kula. Ndugu zangu, nawaambia, makosa hayo mawili nayajua yote. Nyumbani kwetu tuliyafanya yote mawili. La kwanza alilifanya baba yangu, la pili nililifanya mimi.

Vijana, ninyi hamkuuona wakati ule. Ni miaka michache baada ya Uhuru. Muleba haikuwa wilaya bado, sote tulikuwa Bukoba, na mkoa uliitwa Ziwa Magharibi. Machifu walikuwa wameondolewa juzi tu, na wazee walikuwa bado hawajui mikono waiweke wapi wakisimama mbele ya mwenyekiti aliyechaguliwa kwa kura. Sisi wanafunzi tulifundishwa kwamba nchi ni yetu, na tuliamini. Mibuni ikichanua, huku kwetu kunanukia kutoka mlima mmoja hadi mwingine, na mimi niliamini kwamba hata harufu ile ni mpya, imekuja na Uhuru. Mnacheka, lakini ndivyo nilivyokuwa. Naukumbuka wakati ule hadi roho inaniuma, maana sijawahi tena kuwa na uhakika wa mambo namna ile.

Baba yangu alikuwa mtoto wa tano wa kiume. Wazee hapa wanajua maana yake. Kibanja kikubwa, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, alikipata kaka yake wa kwanza, na baba akapewa kipande cha pembeni, karibu na mawe, chenye migomba iliyochoka na mibuni ya kuhesabika. Lakini mngemwona akitembea! Kanzu nyeupe, fimbo mkononi, shingo imenyooka, ungedhani mlima mzima ni wake. Watu wa mikoa mingine wanatutania, wanatuita nshomile, yaani wasomi wa kujivuna, wanasema Mhaya hata akiwa na njaa anapiga mswaki ili aonekane amekula. Basi baba yangu angeweza kupiga mswaki huo mara tatu kwa siku.

Na alinipenda. Wanaume wenzake walimwambia msichana amesoma kwa masista inatosha, aolewe. Yeye akasema, "Huyu akiolewa leo nitakula mahari mwezi mmoja. Akisoma, nitajivuna hadi nife." Barua ya kuniita chuo, kule Dar es Salaam, aliileta katekista. Baba alinisomesha barua ile kwa sauti mara tatu, na Kiingereza hajui hata neno. Kila nikimaliza alikuwa anasema, "Ehe, tena."

Barua ilisema nafasi ipo. Gharama ni za mwanafunzi mwenyewe, ila serikali ingemsaidia mwanafunzi ambaye kwao hawajiwezi. Kwa hiyo Bwana Maendeleo angekuja kutoka wilayani kuiangalia hali ya nyumbani, na kwa taarifa yake ndipo msaada utolewe au usitolewe. Hakuna kitu rahisi kama hicho. Kwetu hatukujiweza, na mtu anakuja kuona kwamba hatujiwezi. Kilichotakiwa ni kukaa kimya tu.

Lakini baba aliposikia mgeni wa serikali anakuja, hakusikia neno jingine.

Mama yangu, ambaye tulimwita Mae kama kawaida yetu, alijaribu. Alisema kwa heshima, "Waitu, mgeni huyu anakuja kuona shida zetu."

Baba akamjibu, "Sasa nimpe shida ale?"

Ndipo tukaanza kuazima. Mbuzi tulimpata kwa baba mkubwa. Viti vinne tulivichukua kwa katekista, na mimi mwenyewe ndiye niliyevibeba kichwani, kwa hiyo sijitoi kwenye lawama. Vikombe vyenye maua vilikuwa vya mke wa mwenye duka. Koti la kuvaa juu ya kanzu alitoa mzee aliyekuwa karani wa baraza enzi za machifu. Jirani naye kwa moyo mwema akaja kuwafunga ng'ombe wake wawili kwenye nyasi karibu na mlango wetu, bila hata kuombwa, ili nyumba ipendeze. Nikakata nyasi mbichi nikatandika sakafu nzima, laini, zinanukia. Kijiji kizima kilikuwa kimeamua kwamba tusiaibike. Na hakuna aliyekuwa na nia mbaya, nataka mlielewe hilo.

Bwana Maendeleo alifika saa tano, kijana mwembamba, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani. Akapewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akapewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akapewa ndizi na mbuzi. Alikula jamani! Nadhani tangu atoke wilayani hakuwa ameonja kitu. Baadaye akafungua faili, akaanza kuuliza kwa adabu.

"Mzee, wale ng'ombe pale nje?"

"Ni ng'ombe wa kwetu."

Baba hakuona kwamba amedanganya. Kwa mzee wa Kihaya, kwetu ni ukoo mzima, pamoja na majirani waliooa kwetu.

"Na mibuni ile upande wa juu?"

"Ya kwetu vilevile."

"Sasa serikali ikikwambia ulipe mwenyewe, utaweza?"

Mae alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Nilimwona amefumba macho. Baba akarekebisha lile koti la watu, akasema, "Bwana mkubwa, mtoto wangu mimi hawezi kukwama."

Kijana akaandika. Hakukosea. Aliandika alichokiona na alichoambiwa.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa, mistari miwili. Familia inajiweza, ombi halikukubaliwa. Muhula ukaanza bila mimi, na nafasi yangu akapewa mwingine.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipoanguka. Wengine huanguka kwa pombe, wengine kwa mapenzi. Mimi nilianguka kwa hasira. Nilimwambia baba maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Nilimwambia amenichinja pamoja na yule mbuzi. Baba alikaa kwenye kigoda chake akitazama nje, na mimi nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikapanda lori la kahawa, nikaenda Bukoba mjini.

Nilipata kazi ya kuchambua kahawa. Tulikuwa wanawake wengi, tumekaa chini kwa mistari, kila mmoja na rundo lake, unatoa punje mbovu unaacha nzima. Vumbi linakuingia puani hadi ndotoni. Na bado, mnisamehe, naikumbuka kazi ile kwa hamu. Mmoja akianzisha wimbo upande wa mlangoni, unapokelewa mstari kwa mstari hadi unafika ukutani, unarudi. Tukitoka jioni tunashuka ziwani kunawa mikono, tunataniana, tunanunua dagaa. Ujana ni kitu cha ajabu. Hata ukiwa umekasirika unacheka.

Nilipanga kwa mama mmoja wa Hamugembe, mjane wa Kiislamu. Mume wake alikuwa mtu wa pwani aliyefuata biashara huku akazeekea huku. Nyumba ilikuwa safi, imezungukwa na migomba, na yeye mwenyewe alikuwa na ulimi mkali na mkono wazi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Wazazi wako wazima?"

Nikamjibu, "Mama yupo. Baba alishafariki."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka tu, kirahisi, na likanistarehesha. Yule mama akashika kifua. "Pole mwanangu. Mdogo namna hii! Basi kila Alhamisi nitamtolea sadaka."

Nikamwambia sisi ni Wakatoliki. Akasema, "Mimi nitatoa, Mungu mwenyewe atajua aipeleke wapi."

Na kweli alitoa. Kila Alhamisi alikaanga maandazi, akawapa majirani kwa jina la marehemu baba yangu, na mawili akaniwekea mimi. Niliyala, ndugu zangu. Nilikula sadaka ya mtu ambaye saa hiyohiyo pengine alikuwa anapalilia migomba yake. Kanisani niliacha kwenda, maana nilijua nikiingia kitubio nitalazimika kulitaja jambo lile kwa jina lake. Nyumbani sikwenda Krismasi, sikwenda Pasaka. Mae alinitumia senene waliokaangwa vizuri, na sikutuma hata neno la asante. Nilikuwa nimegeuka mtu mgumu, na nilijisifia ugumu huo nikauita akili.

Mwaka uliofuata, fomu zikatoka tena. Chuo kilikuwa tayari kunipokea, na kwa mara nyingine kilichobaki ni msaada. Nilikaa sebuleni kwa yule mama nikaijaza yangu kwa mwandiko wangu mzuri wa masista. Nilipofika kwenye mstari wa baba nikaandika, Amefariki. Nataka niwaambie kwamba kalamu ilitetemeka, lakini haikutetemeka. Niliandika, nikakausha wino, nikaendelea na mstari wa mama.

Sikujua utaratibu umebadilika. Baada ya mambo ya viti na koti kutokea katika nyumba nyingi, maana kumbe hatukuwa peke yetu, wilaya iliacha kutegemea taarifa ya mtu mmoja peke yake. Fomu zikarudishwa vijijini, zisomwe mbele ya kamati na wananchi, na wao ndio waseme kama ni kweli.

Siku moja ya Alhamisi nimetoka kazini, namkuta Mae amekaa barazani Hamugembe. Ametoka Muleba na mkungu wa ndizi. Mwenye nyumba amemkaribisha, wamekwisha zoeana, maandazi yako katikati yao. Nikapiga magoti kumsalimia Mae, na yeye akaniitikia vizuri, kisha akasema kwa sauti yake ileile ya kila siku, "Baba yako anakusalimu."

Mama wa Hamugembe akaweka kikombe chini. "Baba yupi?"

"Baba yake," Mae akasema. "Ana mwingine?"

Mwenye nyumba alinitazama, akatazama yale maandazi, akanitazama tena. Nilingoja matusi. Ningependa anitukane. Alisema tu, taratibu, "Mwaka mzima, binti. Mwaka mzima unaniacha naomba mtu aliye hai apumzike kwa amani."

Ndipo Mae akaeleza kilichomleta. Fomu yangu imefika kijijini. Balozi wa nyumba kumi ameiona, akashtuka, akaja kumwonya yeye kimyakimya. Itasomwa Jumamosi kwenye baraza. Baba bado hajui kilichoandikwa. Kisha Mae akaniambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nainamisha kichwa. "Nilikuzaa mimi, nikakupeleka shule mimi, na kalamu umeitumia kumzika mume wangu."

Nililia nikasema siendi, bora nikae hukuhuku nichambue kahawa hadi nizeeke. Mwenye nyumba akasimama, akaingia ndani, akatoka na kanga yake nzuri, ile ya sherehe. Akanitupia. "Utakwenda. Jifunge hii, maana mtu akienda kuomba radhi avae vizuri. Ukimaliza, urudi hapa uniombe na mimi."

Jumamosi jengo la baraza la zamani lilijaa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, sisi wanawake kwenye majamvi upande wa dirisha. Baba alikuwa benchi la pili. Alikuwa amekonda. Aliponiona naingia, uso wake ulifunguka, akanyanyua mkono kidogo tu, wenzake wasione. Hakujua, jamani. Alidhani nimerudi.

Zikasomwa fomu mbili za watu wengine, zikapita. Ya tatu ikawa yangu. Mwenyekiti alisoma jina langu, jina la kijiji, kisha akasita, akasafisha koo. "Baba wa mwombaji, amefariki. Kamati inaombwa ithibitishe."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza. Macho yote yakaenda benchi la pili. Kwetu kumtangazia mzazi kifo akiwa hai si utani, ni kumlaani. Baba akasimama, akavua kofia.

"Mwenyekiti, waitu. Ili huyu mtoto aende chuo, kinatakiwa nini?"

"Inatakiwa sisi tuseme kwamba haya yaliyoandikwa ni kweli, mzee."

"Basi semeni ni kweli."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema, "Mzee, unaelewa unachotuambia?"

"Naelewa. Mwaka jana nilimkwamisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Kama kufa kwenye karatasi kutampeleka, mimi nimekufa. Gongeni muhuri."

Ndugu zangu, nimefundisha miaka mingi, nimezaa, nimezika, lakini sijawahi kusikia kitu kilichoniingia kama sauti ya baba yangu siku ile. Mtu ambaye hakuweza kumwambia kijana wa wilayani kwamba ng'ombe si wake, alikuwa anakubali kuwa marehemu mbele ya wenzake wote, kwa ajili ya mtoto aliyemtukana. Na wangeweza kukubali. Niliwaona wajumbe wanatazamana, huruma imewajaa, mmoja ameshika muhuri. Ningenyamaza sekunde chache tu, chuo kingekuwa changu.

Nilisimama bila kuruhusiwa. Nikapita katikati ya wanaume, nikapiga magoti mbele ya baba yangu, nikasema kwa sauti ya juu ili hata waliokuwa nje wasikie. "Baba yangu yuko hai. Nimeandika uongo kwa sababu nilimkasirikia. Chaneni hiyo fomu."

Mwenyekiti akaniambia, "Binti, nikiichana hii, kwa mwaka huu basi tena."

"Chana."

Akaichana. Nilisikia ile karatasi inavyolia, nikajua chuo nimekichana mimi. Nilibaki nimeinama, nikasikia mkono wa baba kichwani. Alikuwa bado amesimama. Akasema kwa Kihaya, na kwa Kihaya neno lile ni zito kuliko kwa Kiswahili, "Mimi ni maskini. Fomu nyingine ikija, andikeni hivyo. Mimi ni maskini, na mbuzi wa mwaka jana hakuwa wangu."

Halafu baba mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akajinyanyua kwenye benchi la mbele. "Ni kweli. Mbuzi alikuwa wangu."

Katekista akasimama. "Viti vilikuwa vya kwangu. Na kimoja kilirudi mguu umelegea."

Baraza likaangua kicheko. Jirani akasema ng'ombe ni wake, na kama kuna kosa afungwe yeye pamoja na ng'ombe. Mke wa mwenye duka akapaza sauti kutoka majamvini kuhusu vikombe vyake. Mwisho akasimama yule karani mzee, akasema, "Hata koti." Nikainua macho, nikamwona baba anacheka, machozi yanamtoka, anacheka kama watu wengine wote. Kumbe kile alichokiogopa maisha yake yote kilikuwa ni watu hawa, na watu hawa walikuwa wanajua tangu zamani.

Mwaka ule niliukosa, kama mwenyekiti alivyosema. Nilirudi Hamugembe nikamwomba radhi yule mama, akanisamehe baada ya kunisema siku tatu mfululizo. Nilichambua kahawa mwaka mwingine, lakini sasa kila mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani. Fomu zilipotoka tena, nilikwenda kuijaza yangu pale kwenye kigoda cha baba, nikiuliza swali kwa swali, na yeye akijibu kwa ukali kidogo, maana ilikuwa bado inamuuma. Mibuni? Michache. Ng'ombe? Hakuna. Uwezo wa kulipa? "Andika hakuna. Andika kwa herufi kubwa."

Bwana Maendeleo yuleyule alipita kwetu kuona. Tulimpa ndizi na maharage, chakula tulichokula siku zote, na kigoda kimoja tulichokuwa nacho. Akala, akasema, "Mzee, ile mara ya kwanza ulinilisha mbuzi wa watu."

Baba akamjibu, "Na ulimmaliza."

Msaada nikapata. Siku ya kuondoka, baba na Mae walinisindikiza hadi gatini Bukoba, baba na kanzu yake ileile, bila koti. Mama wa Hamugembe naye alikuja na furushi la maandazi, akamwambia baba, "Wewe mzee, nimekutolea sadaka mwaka mzima. Sasa usiniangushe, uishi." Baba aliinama akamshukuru kwa heshima zote. Kisha akanivuta pembeni. "Huko wakikuuliza baba yako, utasemaje?"

"Nitasema yuko Muleba, analima."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Meli ikaondoka, nikawatazama wote watatu, na Mae katikati, hadi nisiweze tena kumtofautisha mtu na mtu.

Chuoni tuliambiwa kila mara kwamba tunakula jasho la mkulima. Wenzangu wengine waliliona kama wimbo wa siasa, wakalichoka. Mimi mkulima huyo nilikuwa namjua kwa jina. Nilipomaliza nikarudi kufundisha, na zikaja zile siku za ujamaa, na madarasa ya watu wazima kila alasiri. Baba alikuja darasani kwangu na daftari lake, akakaa mbele, akajifunza kuandika jina lake. Alibishana na mwalimu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kufundisha. Aliishi miaka mingi, mama wa Hamugembe hakuangushwa.

Namshukuru Mae, aliyebeba mkungu wa ndizi kutoka Muleba hadi Hamugembe ili anirudishe. Nawashukuru wale wenye mbuzi na viti na koti, wengi wametangulia, watoto wao mko humu. Naishukuru nchi ile changa, ambayo yenyewe haikuwa na kitu, ikanipa. Lakini nataka muelewe jambo moja. Serikali ilinilipia chuo, ndiyo. Ila kabla ya serikali, baba yangu alikuwa amekwisha nilipia kwa kitu pekee alichokuwa nacho, yaani namna watu walivyomtazama.

Kwa hiyo wazazi, mtoto akikuuliza mstari wa nyumba ya udongo, mwambie ni ya udongo. Itakuuma siku moja hiyo, basi. Na ninyi vijana, hata kama mzazi wako amekukwaza, hata kama ana makosa kweli, mwandike yuko hai, mwandike jina lake lote, uulizie hata herufi. Mimi nilipewa nafasi ya kusimama na kusema chaneni. Wengi hawapewi.

Nimemaliza. Nimekuja na miwani na kalamu mbili. Fomu ambazo tayari zimejazwa uongo, zileteni hapa mbele tuzichane pamoja, na hakuna atakayeulizwa kitu. Halafu tuanze upya. Yule baba wa Jumapili, njoo wewe kwanza, kaa hapa karibu yangu.